Waliobaki Kumngoja Bwana

Jumatatu ile nilikuwa naanika mpunga uani. Jua lilikuwa zuri. Riziki, mtoto wangu wa mwisho, alikuwa hajafika miaka mitatu, na kazi yake ilikuwa kufukuza kuku kwa kijiti. Kaka yake Yoshua, wa miaka saba, alikuwa anapepeta na mimi. Mume wangu Simoni alikaa barazani akiwamba upya ngozi ya ngoma ya kanisa iliyopasuka. Yeye ndiye aliyefundisha kwaya yetu. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, na kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kabambare.

Tulikuwa na mtoto mwingine kabla, Neema. Homa ilimchukua akiwa na miaka minne, tukamzika nyuma ya nyumba karibu na mchikichi. Watu walilia nasi, kisha wakarudi mashambani, na mimi pia nikarudi shambani. Simoni ndiye aliyebaki pale. Tangu siku ile nyimbo zote alizotunga zilikuwa za ufufuo: parapanda, makaburi kufunguka, watoto kukimbilia baba zao. Watu walizipenda sana. Mimi nilipokuwa naziimba nilijua anazungumza na nani.

Adhuhuri ile Pasta Yoeli alifika kwa pikipiki kutoka Salamabila, alikokwenda kuhubiri kwa wachimba dhahabu. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuingia kwake kunywa maji. Alipiga kengele ya kanisa, ile rimu ya gurudumu la gari iliyotundikwa kwenye mti, akatuambia kwamba watu wa silaha wanapigania machimbo, na wale walioshindwa wanatawanyika kwenye njia, wanachoma vijiji na kuchukua watu wa kubeba mizigo.

Tulidhani atatuambia tufunge mizigo. Akafungua Biblia.

Alihubiri mpaka jua likaanza kushuka. Alisema vita na habari za vita vilitabiriwa, na kizazi chetu ndicho kilichochaguliwa kuviona. Alisema anayekimbia porini atakutwa porini siku ya Bwana, bila taa na bila vazi. Tufunge siku tatu, tuvae nguo nyeupe, tumngoje kanisani. Pasta Yoeli hakuwa tapeli. Nasema hivi kwa sababu watu huniuliza. Alikuwa anatetemeka alipokuwa akisema, na aliamini kila neno.

Jioni Simoni alitoa sandukuni shati lake la harusi, akalitundika ukutani.

Nikamwambia, "Papa Yoshua, kesho tunaenda Kasongo. Watu wengi wanaenda."

"Wewe na watoto muende. Mimi nabakia."

"Juu ya nini?"

Alikuwa anatazama upande wa mchikichi.

"Neema ananingojea," akasema.

"Na hawa wawili? Hawa hawangojei kitu?"

"Hawa iko na wewe. Yule hana mutu."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia kwamba anampenda mtoto aliye ardhini kuliko wale wanaolia njaa mbele yake. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua, kisha akachukua ngoma akamaliza kuiwamba.

Jumatano asubuhi tuliona moshi upande wa mashariki, juu ya kijiji cha jirani. Nusu ya kijiji chetu ilikuwa imekwisha kuondoka. Wengine walikuwa kanisani, siku ya pili ya kufunga, na walikuwa wanaimba. Nilifunga mchele kwenye kitambaa cha kikwembe, na sufuria moja, na chumvi. Simoni alikuja akiwa amevaa shati lile. Alimbeba Riziki mabegani akatusindikiza mpaka kwenye kijito. Alituvusha, maji yalikuwa ya magoti, akaniwekea mtoto mgongoni, akavuta fundo la kikwembe ili kuona kama limekaza.

"Tutaonana asubuhi ile," akasema.

Nilijua asubuhi gani. Yoshua alimuuliza, "Papa, utakuja lini?" na baba yake akamshika kichwa, akageuka, akavuka maji peke yake.

Kutoka kijito mpaka juu ya kilima si mbali. Tulipofika juu tulikuwa bado tunawasikia wakiimba.

Kisha bunduki.

Mwanzoni risasi zilikuwa mbali na kanisa, upande wa nyumba za mwisho. Wimbo haukukatika. Nilijua ule wimbo, ni mimi niliyekuwa naanzisha sauti ya pili.

Zikasogea.

Sauti zikapungua, moja baada ya nyingine.

Nilimshika Yoshua mkono nikashuka upande wa pili wa kilima. Sikugeuka.

Siku ile mchana tulikuwa kwenye shamba la muhogo la mtu nisiyemjua. Nikasikia watu kwenye njia, wengi, wanasema kwa sauti kubwa. Tulilala chini kati ya matuta.

Walikuwa hatua kumi kutoka kwetu. Niliona miguu. Mingine ilikuwa na mabuti, mingine peku.

Riziki akaanza kukohoa.

Nilikuwa nimekwisha kumwachisha ziwa tangu mwaka uliopita. Nilimtia ziwa mdomoni, halina kitu, nikamkandamiza kifuani mpaka nikaogopa kwamba ninamuua. Yoshua alikuwa amefumba macho na kuuma kola ya shati lake.

Walipita. Katikati yao walikuwa watu wamefungwa kamba, wamebebeshwa magunia vichwani. Sikuinua uso kuwatambua. Mmoja wao alikuwa amevaa nguo nyeupe.

Tulitembea siku tisa. Mchele uliisha siku ya nne. Kasongo tuliingia adhuhuri ya Ijumaa, wanaume wakielekea msikitini, nikaketi kando ya njia mbele ya duka dogo kwa sababu miguu ilikataa. Mwenye duka alikuwa mjane, Mama Zaina, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mji ule. Alitutazama kidogo. Hakuuliza tunatoka wapi, maana wiki ile Kasongo nzima ilijua. Alimpa Riziki uji, akafungua chumba cha nyuma alichowekea magunia ya chumvi na sabuni.

"Lala hapa, mutoto wangu," akaniambia. "Maneno tutasema kesho."

Tulikaa kwake miaka mitatu.

Habari ilikuja kidogo kidogo. Kanisa liliungua. Waliokuwa ndani walikufa. Baadaye njia ilipotulia, nilirudi na wanawake wengine watatu. Watu wa kijiji cha jirani ndio waliozika. Mzee mmoja alituonyesha mahali nyuma ya kanisa, tuta la udongo lililotanda kwa urefu wa nyumba.

"Tuliwatia wote pamoja, mama," akasema. "Tulikuwa na woga. Hatukuweza kuchimba mengi."

Nikamuuliza kama anakumbuka upande gani walimweka mwalimu wa kwaya. Alitazama udongo, akasema hajui, na akaniomba radhi. Nilichukua jiwe kutoka kaburi la Neema nikaliweka pale juu, katikati. Lilikuwa jambo la kijinga, lakini sikuwa na lingine.

Usiulize nililia vipi. Nitasema kitu kilichonishikilia miaka ile. Nilijiambia: Simoni alipata alichotaka. Alitaka kwenda kwa Neema, akaenda akiwa anaimba, amevaa shati jeupe. Mimi niliachwa, yeye hakuachwa. Mama Zaina alipokuwa anasali, na mimi nikisali kwangu kwenye chumba cha chumvi, mara nyingine tulizungumza baadaye juu ya kiyama. Alisema kwao pia wanaingojea siku hiyo, na kwamba Mungu hawezi kushindwa kutofautisha mifupa iliyochanganyika, yeye aliyeiumba. Neno hilo lilinipa usingizi miezi mingi.

Mwaka wa tatu, nikiwa nauza unga mbele ya duka, mtu mwembamba akasimama mbele yangu. Nilimjua kwa sauti.

"Mama Yoshua. Ni mimi, Yoeli."

Nilikuwa nimemhesabu kati ya wafu. Mama Zaina alipoona uso wangu alimletea mgeni kiti na maji, akarudi ndani lakini hakufunga mlango.

Alinieleza. Waliposikia risasi, yeye alitoka nje kuzungumza na wale watu, akiwa ameinua Biblia. Hawakumsikiliza. Walimfunga kamba, wakambebesha gunia, akatembea nao miezi minane porini kabla ya kutoroka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa haukunjuki. Alisema hahubiri tena, analima kwa watu huko Nyangwe.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. "Bwana yangu alikufa akiimba?"

Aliinua kikombe cha maji, akakirudisha bila kunywa.

"Pasta, niambie."

"Hapana, mama. Aliacha kuimba wa kwanza." Akanywa maji, akaweka kikombe chini polepole. "Risasi zilipoanza, alisimama akasema tutoke. Mimi nikamwambia akae. Nilimwambia saa imefika. Hakunisikia. Alibomoa ukuta wa nyuma kwa mateke, pale udongo ulipokuwa umelowa, akaanza kutoa watoto. Mimi nikatoka kwa mbele. Nilipokuwa nje nimelala chini, kamba mikononi, nilimuona. Alikuwa amekwisha kutoka. Alikuwa nje, mama. Akarudi ndani kuchukua wengine."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili nilimuona. Kiisha moshi."

"Alisema kitu?"

"Alikuwa anaita watoto kwa majina. Basi."

Nilifikiri nitamshukuru kwa kuniambia. Badala yake nilisikia kitu ndani yangu kinaanguka. Kwa miaka mitatu nilikuwa na mume aliyekwenda kwa hiari yake, na sasa nilikuwa na mume aliyetaka kuishi, aliyeamka dakika za mwisho akataka watoto wa watu waishi, na huenda aliwaza kijito kile na sisi tulioko ng'ambo. Yule wa kwanza ningeweza kumkasirikia. Huyu wa pili sikupata mahali pa kumweka.

Pasta Yoeli alipiga magoti pale kwenye vumbi, watu wakapita wakitazama. "Nilikosa," akasema. "Nilifikiri ni Bwana. Nisamehe, mama."

Nilitaka. Neno lilifika mpaka mdomoni. Niliona watu waliovaa nyeupe, kila mmoja kwa jina lake, na nikajua kwamba msamaha wao si wangu kuutoa.

"Simama," nikamwambia. "Unywe maji yako. Ya wewe na mimi, nayaacha kwa siku ile."

Alisimama, akamaliza maji, akaenda. Sikumwona tena.

Watoto watano walitoka kwa ule ukuta, nilikuja kujua baadaye. Mmoja wao ni msichana, sasa ameolewa hapa Kasongo, na alipojifungua mtoto wa kiume alimwita Simoni. Alimleta nimbebe. Nilimbeba, nikamrudishia mama yake mapema kuliko ilivyo adabu.

Mimi bado ni Mkristo. Jumapili nasimama na wengine nakiri kwamba naamini ufufuo wa wafu, na kinywa changu hakidanganyi. Lakini wanapoomba siku ile ije upesi, mimi nanyamaza. Yoshua anafundisha shule ya msingi, Riziki anaendesha pikipiki ya abiria kati ya hapa na Kabambare. Sina haraka.

Mwaka jana nilimwuliza pasta wetu wa sasa, kijana msomi, jambo lililonisumbua. Simoni alikufa na miaka thelathini na minne. Mimi nywele zimekuwa nyeupe. Tukifufuliwa, atanitambua?

Alinijibu kwa upole kwamba atanitambua. Kisha, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaongeza kwamba Bwana mwenyewe alifundisha: huko watu hawaoi wala hawaolewi. Tutajuana, lakini hatutakuwa mume na mke.

Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara nyingi bila kulisikia. Nilimshukuru, nikatoka kanisani, nikaenda nyumbani kwa njia ndefu ya sokoni. Tulikuwa tumeoana miaka tisa. Siku zote nilidhani kwamba ile miaka ilikatwa katikati, na kwamba sehemu yake nyingine imewekwa mahali. Kumbe ilikuwa ndiyo hiyo yote.