Zuhura Kando ya Mwezi

Jioni hiyo nilikuwa uani kwetu Mgwashi nikipepeta maharage. Mwezi ulikuwa mchanga, na karibu yake ziliwaka nuru mbili kali. Jirani yetu, kibarua wa shamba la chai aliyetoka Kigoma, alikuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikamuuliza ni nyota gani zile.

"Si nyota, ni sayari," alisema, akanyoosha mkono juu ya bega langu nifuate kidole chake. "Ile inayong'aa zaidi ni Zuhura. Ya juu yake ni Mshtarii. Tazama, hazimetameti kama nyota."

Mume wangu, aliyekuwa akitoka shambani, aliuona mkono ule. Alimpiga jirani kisogoni kwa mpini wa jembe, akamwangusha juu ya ungo, kisha akanigeukia.

"Mlikuwa mnatazama nini?"

"Sayari," nilimjibu.

Akanipiga. Akauliza tena, nikajibu vilevile, akanipiga tena, mpaka nikasikia mfupa wa mkono wangu ukivunjika.

Mama mkwe alitoka jikoni na kijinga cha moto, akamchoma mwanawe mgongoni. Shati likashika moto, mpini ukamtoka.

"Nenda kwenu, mwanangu," aliniambia. "Huyu niachie mimi."

Kesi ya kutupiga ilipofika mahakamani, mama mkwe ndiye aliyetoa ushahidi dhidi ya mwanawe, amevaa kitenge chake cha kanisani. Alipomaliza kusema nilimwamkia, "Shikamoo, mama," nikashindwa kuendelea kwa kilio. Yeye hakulia.