Safu ya Nyuma

Mama Giza hakuitwa hivyo kwa ubaya. Tangu akiwa msichana kazi yake ilikuwa kusafisha picha, na picha za zamani, zile za filamu, husafishwa gizani. Kila aliyemuulizia pale studio aliambiwa yuko gizani, mpaka jina likamganda. Mwenyewe alilipenda. "Wengine wanakula jasho lao, mimi nakula giza langu," alikuwa akisema, na ukicheka, naye anacheka.

Studio ilikuwa ya Bwana Flashi, mgeni mweupe mwenye kitambi na roho nzuri, aliyemfundisha kazi bila kumficha kitu. Alimfundisha pia sheria moja aliyoiona ya kawaida kama kunawa mikono: ukipiga picha ya watu wengi, pima mwanga kwenye uso mweupe kuliko zote, hao wengine watatokea watakavyotokea. Taabu ni kwamba hawakutokea. Mtu mweusi akipangwa karibu na mweupe alibaki shati na meno, kama alikuwa anacheka. Kama hakucheka, shati tu.

Siku hizo vuguvugu la uhuru lilikuwa limepamba moto, na chama kilisema ni cha watu wote. Lakini mezani walikaa wakili, daktari na mwenye duka la vitambaa, watu wa rangi hafifu wenye asili za mbali, ambao wakoloni walikubali angalau kuwafungulia mlango. Waliojaza mikutano, waliobeba viti na waliokula virungu ni makuli wa bandarini, weusi tititi. Chai ikiletwa, wa mezani walipewa vikombe, na makuli walinywea uani kwa makopo. Tusiwasingizie wale wazee. Wakili aliwatetea makuli mahakamani bure, na daktari alifungwa kwa ajili ya nchi hii. Walikuwa watu wema, ila wema wao haukuwahi kufika uani kuona nani anakunywa nini.

Mume wa Mama Giza alikuwa kuli. Siku kamati ya wale wa mezani ilipopigwa picha, yeye na wenzake waliitwa wasimame nyuma ili picha ijae. Alirudi nyumbani kichwa kikubwa, hakamatiki. "Mke wangu, nimeingia kwenye historia!"

Kesho yake mkewe ndiye aliyeisafisha ile picha. Wakili alitoka vizuri mpaka vifungo vya koti. Mumewe alikuwa weusi mtupu juu ya kola. Alimwomba Bwana Flashi amruhusu achapishe moja yenye mwanga mdogo, maana karatasi ikipata mwanga mwingi huwa nyeusi, labda sura zingejitokeza.

"Karatasi ni ghali, na picha imetoka vizuri," alijibu Bwana Flashi, na wala hakujua kama amesema kitu. Jioni watu wa chama wakachukua picha pamoja na filamu yake.

Mumewe aliitazama akaangua kicheko. "Hilo shati langu, nalijua kwa kiraka. Usinune bwana, tutakwenda kupiga yetu, mimi na wewe." Hawakwenda. Mwezi huohuo makuli waligoma, askari wakafyatua risasi kwenye geti la bandari, na mume akaanguka palepale. Hakuwahi kupigwa picha nyingine. Mama Giza alikuwa na mimba changa.

Akazaliwa binti. Uhuru ukaja, Bwana Flashi akafunga virago akamwachia mashine zake, na ile picha ikaingizwa kwenye kitabu cha shule. Binti alikuwa akiweka kidole juu ya shati na kuwaambia wenzake, "Baba yangu huyu." Nao wakimcheka, "Baba yako hana kichwa!" Alirudi nyumbani analia, akimuuliza mama yake kama amefanana na baba. Mama alimjibu amefanana naye sana. Akiulizwa wapi hasa, alishika mwiko akaanza kukoroga sufuria, maana sura yenyewe ilikuwa ikimponyoka mwaka hadi mwaka, na hilo lilimuuma kuliko msiba. Binti alikua, akawa muuguzi, akapata wajukuu, na swali lake likabaki hapohapo. Alitaka kumwona baba yake, hata mara moja.

Basi mwaka huu, maadhimisho ya uhuru yakikaribia, akabisha hodi katibu wa kamati ya sherehe, kijana nadhifu mwenye adabu zake, akamkuta Mama Giza na bintiye aliyepitia hapo akitoka kazini. Filamu ya ile picha ilikuwa imepatikana kwenye kabati la zamani la chama, na mji mzima hakubaki mwingine mwenye mashine ya kuichapishia.

"Shikamoo, Bibi. Tunaitaka kubwa ya kujaza ukuta. Na siku yenyewe wewe na mama hapa mnakaribishwa sana. Viti vya mbele ni vya familia za waasisi, familia nyingine zitasimama nyuma kidogo. Nafasi ndogo tu, Bibi, si kitu kingine."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Giza. "Nyuma tunapajua. Wewe niachie hiyo filamu mpaka kesho."

Katibu hata hajafika barabarani, mlango wa chumba cha giza ulikuwa umeshafungwa. Walikuwa wawili, mama na binti, chini ya taa nyekundu. Mama aliwasha mashine na kuizima karibu papo hapo, karatasi ikaonja mwanga tu, akaitumbukiza kwenye trei ya dawa.

Picha ikaanza kuja. Safu ya mbele haikuja: wakili, daktari na mwenye duka walibaki weupe kama sahani, hawana pua wala mdomo. Lakini kule nyuma kola zikaota shingo, na shingo zikaota videvu. Sura zikajitokeza moja baada ya nyingine, za vijana wabichi, mmoja amekunja uso kwa jua, mwingine anamnong'oneza jirani yake. Wa tatu alikuwa mwenye shati la kiraka.

"Ndiye," alisema Mama Giza. Kumbe alikuwa na mashavu ya kitoto, na kovu dogo juu ya mdomo ambalo mkewe alikuwa amelisahau kabisa. Machozi yakamtoka, akayaacha.

Binti aliinama mpaka pua ikakaribia trei. Akatazama, akatazama tena.

"Mama, mbona amefumba macho?"

Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amepepesa wakati kitufe kinabonyezwa. Mama Giza alijua kazi ya studio ilivyokwenda: mmoja wa mbele akipepesa, Bwana Flashi anaomba radhi na kupiga upya, hata mara tatu. Akamweleza mwanawe hivyohivyo, hakupunguza neno.

Binti akaiopoa picha kwa vidole vitupu, ikichuruzika dawa, akaikumbatia kifuani bila kujali sare yake ya kazi.

"Angefumbua tu," alisema. "Wangemsubiri kidogo tu, angefumbua."