Mama Sakafu na Paa Linalovuja

Chuoni walimwita Mama Sakafu, wala hakuna aliyekumbuka jina lake jingine. Miaka ishirini na miwili aliutunza uwanja wa ndani wa michezo. Alilikuta jengo likiwa ghala la mbegu, saruji chini, popo darini. Kisha zikaja mbao na vikapu viwili vya mpira, na tangu hapo halikupumzika: asubuhi mitihani, jioni mechi, mwisho wa mwaka mahafali. Mwaka wa mafuriko watu mia tatu walilala humo, na watoto wawili wakazaliwa nyuma ya majukwaa.

Mbao zile hazikutaka maji. Alizipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa kikakamulika, na mwenye viatu vya nje alimrudisha mlangoni, awe profesa awe nani.

Paa ndilo lililomshinda. Mvua ikija na upepo, maji yalipenya na kudondoka chini ya kikapu cha mbali, mahali palepale. Aliandikia ofisi ya majengo barua nne. Walimjibu kwa salamu.

Siku ya fainali binti yake kitindamimba alikuwa anacheza, na goti lake lilikuwa limepona juzijuzi tu.

"Mama, leo nakuomba, kaa kwenye kiti kama mama wa wenzangu. Usiniaibishe."

"Mimi tena! Nitakaa kama niliyegandishwa kwa gundi."

Zikabaki sekunde chache, timu ya binti iko nyuma kwa pointi moja. Nje mvua inapiga. Mama Sakafu akaona sakafu inameta chini ya kikapu, na binti yake, mpira mkononi, anakimbilia palepale. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: alikuwa ndani ya mistari kabla hajajijua, kitambaa mkononi, kandambili miguuni.

Filimbi ikalia.

"Na viatu, Mama Sakafu!" jukwaa likaangua kicheko. "Leo nani atakurudisha mlangoni?"

Refa akamjia juu, akakanyaga maji, akakaa kitako pwaa. Kicheko kikakatika. Mama akapiga magoti, akapangusa, huku binti amesimama kando yake akihema.

Mchezo ukaendelea, lakini nafasi ile haikurudi. Wakafungwa kwa pointi ileile moja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, binti alivua viatu.

"Ningefunga."

"Ungefunga, mwanangu. Halafu ungetua wapi?"

 Binti alinyoosha mguu wa goti lile, akauweka mapajani mwa mama yake, auchue.