Mtutu Mzito wa Kwenda Jeddah

Mwaka ule niliojifunza mambo ya bunduki, nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani Al-Naseem, Riyadh, na bunduki yenyewe sikuwa nimewahi kuigusa. Baba, yaani bosi wangu, alitaka kununua ile ndogo ya risasi nyembamba, ambayo risasi yake hugongwa ukingoni na haina makelele. Alitaka moja imfanyie kazi mbili: kuwinda sungura jangwani na kulenga shabaha. Madam alishachoka kusikia habari hizo. Basi kila nikipeleka gahawa sebuleni, baba ananigeuzia tableti nitazame video mimi.

Kwetu tunasema mshika mawili moja humponyoka, na mimi niliomba limponyoke la sungura. Akinunua ya kuwindia, likizo ya baridi tungekwenda kaskazini na marafiki zake, nikapike kabsa, ule wali wao wa nyama, kwenye upepo na mchanga. Akinunua ya shabaha, tungekwenda Jeddah kwa kakake, mwenye shamba la kulengea nje ya mji. Na Jeddah, mtaa wa Ruwais, alikuwako dada yangu. Tulitoka Kenya kwa ndege moja, tukatenganishwa uwanjani Riyadh, yeye akapandishwa ndege nyingine. Miaka miwili nilikuwa sijamtia machoni. Nilimpata kwa simu tu, Ijumaa, akiosha vyombo.

"Mwambie achukue ile heavy," dada alinishauri. "Hiyo hawezi kuibeba akifuata sungura."

"Na akitaka nyepesi?"

"Msumbue tu. Si wewe ulizaliwa ukisumbua?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikawa mwanafunzi mwema wa zile video. Nilijua mtutu mnene hautikisiki ovyo, na kwamba mwembamba ni raha begani lakini ukipiga sana unapata moto na risasi zinaanza kutawanyika. Baba akinionyesha nyepesi ya kitako cha plastiki, nilikunja uso kama niliyeuziwa samaki wa juzi.

"Baba, hii mafi kuwais, si nzuri," nilimwambia. "Mkono ukitetemeka kidogo, halas, shabaha imekwenda."

"Na sungura je?"

"Sungura wa nini, baba? Kuku wamejaa kwenye friji."

Alicheka mpaka madam akaja kutazama kuna nini. Kwetu sungura hukimbizwa na mbwa na watoto wa jirani, wala hakuna anayeuliza unene wa mtutu, lakini hilo sikulisema.

Mwishowe akanunua ya katikati. Mtutu si mnene si mwembamba, kitako cha mti, darubini juu, komeo la kuvuta kwa mkono. "Hii inafaa kote kote," akasema, ameridhika kabisa. Nilitamani kumwaga birika. Mtutu wa katikati haukunihakikishia safari ya popote. Wiki hiyo mkate ukaungua mara kadhaa, nyingine kwa makusudi.

Halafu madam akaniambia nifunge mizigo, tunakwenda Jeddah.

Tulipofika shambani, wanaume wakaanza kupiga makopo. Kesho yake madam akamwambia dereva wa kakake baba anipeleke Ruwais, bila kunieleza amejuaje. Dada alishuka hadi getini, amekonda, anacheka. Tulikaa kwenye ngazi mpaka maghribi, na muda wote nilimshika mkono, kama kwamba kuna mtu angekuja tena kumwita apande ndege.

Njiani kurudi Riyadh, baba akaniuliza kutoka usukani, "Dada yako hajambo?"

Nikashtuka kuwa naye anajua. Madam akasema alinisikia nikilia kwenye simu, akamuuliza Mkenya wa nyumba ya jirani, naye akamweleza.

"Mwezi mzima mtutu mzito, mtutu mzito," baba akasema, akitabasamu. "Kwa nini hukusema tu una dada Jeddah? Tungekwenda."

"Shukran, baba," nikajibu.

Kisha nikageukia dirishani, na hasira ikanipanda. Hakuwa mtu mbaya, na safari ilikuwa zawadi. Lakini kumbe kumwona dada yangu lilikuwa jambo dogo hivyo, la kusemwa gahawa ikimiminwa. Miaka miwili haikunijia kwamba naweza kuomba, na miaka hiyo hiyo miwili yeye hakuwahi kuniuliza nina nani.