Ushanga Ndani ya Kibodi

Hadi leo, nikifungua chupa ya spiriti kusafisha kibodi, huifunga tena upesi. Nilipokuwa mtoto, Mjomba alituletea kompyuta kutoka nyumba moja ya mtaa wa Mutanga Nord, ambayo wenyewe walikuwa wameihama wakikimbia risasi. Akanipa spiriti na mswaki wa zamani.

“Zima kwanza. Pindua, kisha kung'uta pole pole,” alinifundisha kama mwalimu.

Zikadondoka chembe za biskuti, nywele, na ushanga mwekundu wa kusukia nywele za mtoto. Vitufe vilinata, vikinuka maziwa yaliyochacha.

Mama akauliza, “Kaka, iyi ni ya nani?”

“Ni ya sisi. We mutoto, pangusa!”

Nikasugua herufi moja moja mpaka zikang'aa. Mjomba akanisifu, akanipa ule ushanga.

Nami, kwa furaha, nikausuka kwenye nywele zangu.