Risasi Iliyotunga Mashairi

Kijijini kwetu, kwenye vilima vya chai juu ya Keroka, hakuna asiyejua kwamba baba mdogo Ratemo alirudi kutoka vitani na risasi kichwani, na kwamba risasi hiyo ndiyo iliyomtungia mashairi. Mimi niliamini mia kwa mia. Mvua ikinyesha, walisema akina mama kwenye kituo cha majani chai, risasi inashikwa na baridi, inaanza kunong'ona, naye anaandika. Siku moja akisinzia juani nilimtegea sikio kisogoni, na naapa niliisikia ikinguruma kama kinu cha posho.

Mikono yake ilitetemeka, kwa hivyo mimi, niliyewashinda kwa mwandiko watoto wote wa Nyamira na nusu ya Kisii, nikawa karani wake. Alitamka, nikaandika, vidole vyake vikinukia majani mabichi. Shairi moja lilimhusu Ombati, mwenzake wa jeshini ambaye hakurudi. Alimtungia mama yake Ombati, wa kule Ogembo, kwa sababu mdomo ulikataa kumwambia ana kwa ana. Kila ubeti uliishia na neno moja: tulimwacha. "Mengine ukikosea ni sawa," aliniambia. "Hilo usiguse."

Mwalimu wetu wa Kiswahili alilitaka shairi hilo kwa siku ya wazazi, kisha akatoa kalamu nyekundu. "Jeshi haliachi mtu, kijana. Sema tulimzika. Baba yako mdogo nimemuuliza, amekubali." Nikamwamini; si alikuwa mwalimu? Siku yenyewe nikalitoa kwa sauti iliyosikika mpaka Tanzania. Baba mdogo alikuwa ameketi mbele na mama yake Ombati. Niliposema tulimzika, mama huyo akainua mikono akamshukuru Mungu. Baba mdogo akavaa kofia, akatoka. Hakuwa ameulizwa chochote. Hakuniita kuandika tena.

Leo nina cheti cha masomo ya jioni, nilichopata nikiwa na ndevu nyingi kuliko mkuu wa shule, na mjini Kisii watu hunitafuta niwaandikie barua. Mimi huwauliza kila neno mara mbili kabla ya kuliandika. Juzi nilimpelekea baba mdogo daftari nililoandikia mashairi yake, na kwa utani nikamuuliza kama risasi bado hunong'ona mvua ikinyesha.

"Risasi gani?" akasema. "Mimi sikupigwa. Mama Ombati alikufa akiniuliza kaburi la mwanawe liko wapi."