Wakili Aliyeuliza Nani Hakunywa

Mama yangu alipokubali tuhame Murongo, hakuuliza nyumba ina vyumba vingapi wala maji yanachotwa wapi. Aliuliza kama udongo wa huko unachimbika vizuri. Nilidhani anawaza maharage, kumbe anawaza kaburi.

Huku kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba yake, karibu na nyumba kiasi kwamba wajukuu hucheza juu ya kaburi wakisubiri kuitwa kula. Mama hakuwa na kibanja. Cha marehemu baba kilishakwenda kwa watoto wa mke mkubwa, sisi tukabaki wapangaji, mimi na biashara yangu ya vitenge pale mpakani. Katika nyumba ya kupanga unaweza kupika, kulala, hata kuzeeka, lakini hakuna mwenye nyumba atakayekubali uzikwe uani kwake. Mama alilijua hilo miaka yote tuliyopanga, na kila alipokohoa alinikumbusha. Kwa hiyo niliposema sasa tunanunua, alielewa kwamba tunamtafutia pa kulala siku zote. Sikumbishia, maana ndivyo ilivyokuwa.

Kibanja tulikipata Nyakasimbi. Kilikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, migomba iliyotunzwa, mibuni michache, na makaburi ya babu, bibi na baba wa muuzaji nyuma ya nyumba. Muuzaji mwenyewe ni mwanamume wa makamo, kazi yake iko Mwanza, baba yake alimwachia mahali na yeye hana hamu tena ya jembe. Alituambia makaburi yatabaki palepale, sisi tutayapalilia, na jamaa zake watakuja kuyaona wakitaka. Hilo ni jambo la kawaida, hatukulijadili. Mama alizunguka na fimbo yake akidungadunga ardhi, akafika mahali karibu na mibuni, akasimama, akakanyaga kidogo kwa kisigino. Nimewahi kumwona akichagua godoro dukani kwa namna hiyohiyo.

Ikabaki kutafuta wakili. Nilipolitangaza hilo Murongo, nikagundua kila mtu ana wakili wake wa kumsifia, kama vile kila mtu ana mganga. Dereva wa bodaboda alinitajia mmoja anayeongea Kiingereza bila kupumua. Mwanamke anayeuza sabuni jirani na kibanda changu alinipendekezea wakili aliyemshinda yeye mwenyewe mahakamani, akasema aliyepigwa ndiye anayejua uzito wa ngumi. Niliwashukuru wote, nikamshika mama mkono, tukapanda gari kwenda mjini Omurushaka kujionea.

Wakili wa kwanza alikuwa na kiti cha kuzunguka na feni iliyokuwa ikipeperusha tai yake. Nikamweleza kuhusu muuzaji. Hakuna shida. Nikamweleza yuko Mwanza. Hakuna shida. Nikamweleza kuna makaburi ya watu. Hakuna shida kabisa, mama, wewe niachie. Nilianza kumpenda. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni amepakata mkoba wake, akaniuliza kwa Kinyambo kama huyu bwana amesikia tulichosema au bado. Tulipotoka akasema daktari anayekuambia huumwi kabla hujakaa, huyo ana haraka ya kwenda kula.

Wa pili ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la pembejeo, na ngazi nzima inanuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ni Mwislamu wa palepale mjini. Babu yake alikuja na biashara ya nguo kutoka Pwani, akaacha duka, na akawaachia wajukuu Kiswahili ambacho hata mtu akikugombeza unadhani anakukaribisha chakula. Alimwamkia mama shikamoo bibi kwa heshima zote, akamtafutia kiti chenye mto, kisha akageuka kwangu akaanza kunisumbua. Muuzaji ana mke? Mke amekubali? Baba yake alipofariki, nani walikaa matanga? Dada za marehemu wako wapi? Nikamwambia nimekuja kununua nyumba, sikuja kuposa. Akanijibu kwa upole wake kwamba ningekuwa nimekuja kuposa asingeniuliza mengi hivyo.

Mama akasema, "Huyu."

Basi akawa wakili wetu, na hapohapo mimi nikaanza kumkimbia. Kila akipiga simu ana swali jipya. Mara anataka mtendaji wa kijiji, mara anataka mke wa muuzaji aje kwa miguu yake mwenyewe. Muuzaji akapata likizo fupi akaja Nyakasimbi, majirani walikuwepo, ndizi zilikuwa zimeshakamuliwa, tukaona tumsubiri wakili ya nini. Tukafanya kama wazee wetu walivyofanya. Tukatembea mipaka ya kibanja, mlamula kwa mlamula, maana hiyo ndiyo miti tunayopanda kuonyesha kibanja kinaishia wapi. Tuliporudi uani, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kikazungushwa. Rubisi ya mauziano si pombe ya kukata kiu. Anayekunywa amekubali mbele za watu, na kesho hawezi kusema hakujua.

Nilimpigia wakili simu nikiwa na furaha zangu, nikamwambia kazi imekwisha, abaki kupiga muhuri tu.

"Mmekwisha kunywa?" akauliza.

Asubuhi yake tukawa ofisini kwake, mimi na mama na muuzaji, tumekaa kama watoto walioitwa kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa kuhusu sheria. Badala yake akafunga jalada lake, akatutazama mmoja mmoja, akauliza nani hakunywa. Muuzaji akacheka, akasema wote walikunywa, hata katekista wa pale kijijini. Wakili akasema yeye dini yake haimruhusu kuigusa rubisi, lakini amezaliwa Omurushaka, na katika kazi hii mtu asiyejua nani kanywa na nani hakunywa bora akauze nguo na ndugu zake.

Aliyejibu ni mama. Alisema kulikuwa na mwanamke mzee, shangazi yake muuzaji, anayekaa kwenye kijumba kule chini kibanja kinakoishia. Kibuyu kilipomfikia alikishika, akakigusisha midomoni, akampa aliyefuata. Koo lake halikucheza. Nikamgeukia mama kumuuliza kwa nini hakuniambia, naye akawa anatazama mkoba wake. Alikuwa ameshapachagua mahali pake, na aliogopa kupakosa.

Wakili akasema hapigi muhuri mpaka bibi yule anywe, au aseme kwa nini hanywi. Hapo nilikasirika, nasema kweli. Huko Murongo nilishaaga, mpangaji mpya alishakuja kupima madirisha yangu kwa ajili ya mapazia yake, vitenge vyangu vimefungwa kwenye marobota. Nikamwambia yule mwenzake mwenye feni asingenisumbua namna hii. Akakubali bila kinyongo kwamba asingenisumbua. Kisha akaniuliza jambo moja.

"Ukinyang'anywa nyumba, dada yangu, utahama. Mama yako utamhamishaje?"

Tukaenda kwa shangazi siku hiyohiyo. Muuzaji alitaka kutangulia akaongee naye, mama akamwambia abaki nyuma, mambo ya wanawake wazee hayahitaji mkalimani. Tulimkuta anaanika kahawa kwenye mkeka. Akatukaribisha, akatuletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, akauliza habari za Murongo, za mvua, za bei ya vitenge. Hakuwa na haraka. Nilitamani nimuulize moja kwa moja lakini mama alinikanyaga mguu. Wakatafuna. Wakalalamikia meno. Wakagundua wana mtu wanayemfahamu wote wawili upande wa Kyerwa, wakamsengenya vizuri. Ndipo shangazi akanigeukia, akasema kwa Kinyambo, kwa sauti ileile aliyoulizia mvua:

"Mwanangu, umenunua kaburi langu."

Akatueleza. Aliachika zamani, akarudi kwa kaka yake, ambaye ndiye baba wa muuzaji. Kaka akamjengea kile kijumba na akamwahidi kwamba siku ikifika atalala ubavuni mwa mama yao, kule nyuma ya nyumba. Kaka akafa. Mtoto wa kaka amekulia mjini, hakuwahi kuuliza shangazi atalala wapi, amekumbuka makaburi ya waliokwisha kufa akasahau la anayesubiri. Yeye asingeweza kumgombeza mbele za watu, ni mtoto wa kaka yake. Lakini kunywa pia hakuweza.

Nilimtazama mama. Mwanamke huyu alikuwa amezunguka nami vibanja vya watu akidunga ardhi kwa fimbo, na kumbe hapa yuko mwenzake mwenye hofu ileile, ila yeye hakuwa na mtu wa kumzungusha. Mimi nilitegemea mama atalia. Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, shangazi akamtazama kwa mashaka, halafu naye akashindwa kujizuia. Mama akamwambia: mimi nimekuja toka Murongo kutafuta kaburi, na nimepata la mtu. Wakacheka tena, na mimi nikabaki na kahawa yangu mdomoni sijui niitafune au niiteme.

Siku mbili baadaye wakili alipoitwa alikuja mwenyewe, na viatu vyake vilivyong'arishwa, akapita kwenye migomba amenyanyua suruali kidogo. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, muuzaji na mkewe, aliyeitwa kutoka Mwanza, walikuwepo, na muuzaji alikuwa hatazamani na shangazi yake kwa aibu. Alishamwomba radhi asubuhi, akiwa amepiga magoti, na shangazi alishamsamehe, lakini alimwacha aendelee kuona aibu kidogo kwa faida yake. Mama na shangazi wakamwongoza wakili nyuma ya nyumba. Shangazi akamwonyesha ubavuni mwa mama yake. Mama akaacha ile sehemu yake ya mibuni aliyoikanyaga kwa kisigino siku ya kwanza, akasema kule ni mbali na watu, akaonyesha mahali panapofuatia pa shangazi. Mimi nikawa natafsiri, maana Kinyambo cha wakili kinaishia kwenye salamu, na pale shangazi aliposema wakili aandike vizuri maana vijana wa siku hizi ni mbwa, nilitafsiri kwamba vijana wa siku hizi ni wasahaulifu.

Aliandika akiwa amesimama, jalada limeegemea mgomba. Kwamba mimi mnunuzi, na watakaorithi kwangu, na yeyote atakayenunua kwetu, tutamwacha shangazi azikwe pale, na hakuna wa kuzuia. Kwamba ataishi kwenye kijumba chake mpaka mwisho. Alipomaliza alisoma kwa sauti, taratibu, na nilisikia jinsi Kiswahili chake kilivyoyapa maneno yale heshima yake. Muuzaji alijikuna shingo. Mkewe alikuwa anafuta macho kwa pembe ya kitenge, kitenge ambacho, nisijisifu, alikinunua kwangu.

Rubisi ikaletwa upya. Wakili akapewa soda, akaishika kwa mikono miwili kama mgeni mwenye adabu. Kibuyu kikaanza kwa muuzaji, kikaja kwangu, kikaenda kwa mtendaji, na kilipomfikia shangazi sote tukamgeukia. Hata kuku nadhani walimtazama. Akanywa. Tuliliona koo lake, na kwa hakika alikunywa zaidi ya kiasi cha kukubali. Akajifuta, akampa mama kibuyu mkononi.

Mama naye akanywa, kisha akasema kwa kuwa shangazi ndiye mwenyeji, basi shangazi ndiye atakayetangulia, amwandalie mgeni. Shangazi akakataa katakata. Akasema mgeni ndiye hupelekwa kulala mapema, mwenyeji hubaki akifunga milango. Mama akasema yeye bado ana migomba ya kupanda, hana nafasi mwaka huu. Shangazi akasema naye kahawa yake haijakauka. Mimi ni mtu niliyesikia habari za kifo cha mama kila alipokohoa, miaka yote ile ya kupanga, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiahirisha.

Wakili alikuwa bado hajafunga kalamu. Sijui kama alikuwa anatania au ni ule uwakili wake tu, lakini aliinama kwa heshima akauliza kama nalo aliingize kwenye mkataba, nani anatangulia na nani anafuata.

Shangazi alimjibu mwenyewe, kwa Kiswahili, hakunisubiri nitafsiri.

"Hilo usiandike, mwanangu. Hilo tutaelewana wenyewe."

Nikaondoka haraka nimegeuza uso, nikisema naenda kumtafutia wakili soda nyingine, na ile aliyokuwa nayo alikuwa hata hajaifungua.